Mtufaha wa Kinyozi

Jumatatu, 2 Septemba

Nimeanza shajara. Watu wakubwa huandika shajara, na mimi nimenyoa watu wakubwa wa kutosha kuyajua mambo yao. Nimenyoa nahodha. Nimenyoa hakimu. Nimenyoa bondia mmoja aliyetoa machozi nilipomgusa sikio. Miaka mitatu nilikuwa kinyozi wa meli ya abiria. Shule niliishia darasa la saba, lakini dunia nimeihitimu.

Sababu ya shajara ni mtufaha. Uko uani, nyuma ya chumba changu cha kunyolea, ndani ya chungu kikubwa cha udongo. Ni ile miti ya kibete: una miaka tisa na bado haujanifika kifuani. Ulikuwa wa Mama. Alikuwa nayo miwili kibarazani kwake, mmoja wa matufaha mekundu, mwingine wa kijani, vyungu vikigusana. Kila mwaka tulikula mpaka tukawapa na majirani.

Kisha nyonga ya Mama ikaharibika, na nyumba ikarudishwa kwa mwenyewe. Mama akahamia kwa Dada, eti kwa muda. Dada ni mshonaji, anakaa ghorofa ya tatu, lifti hakuna. Miti tukagawana, mimi wa mekundu, Kaka wa kijani. Hiyo ni miezi mitano iliyopita. Tangu siku ile Mama hajakanyaga ardhi. Anakaa dirishani anahesabu vichwa vya wapita njia.

Mimi nyumba yangu iko chini. Chumba chake nimeshakipaka rangi. Kitanda nimekikata miguu kiwe kifupi, asihangaike kupanda. Chooni nimefunga bomba la kushikilia, kwa mikono yangu mwenyewe. Kaka naye nyumba yake iko chini, na naye anasema ana chumba. Ndiyo maana Mama bado yuko juu.

Leo asubuhi mtufaha umetoa vitumba vya maua. Na leo mchana Dada ameandika kwenye kundi la familia la simu: Mama anasema miti yake iwekwe pamoja kipindi hiki cha maua, kwangu au kwa Kaka, yeye hachagui. Ikishatunga matunda, pale ilipo ndipo atakaposhukia kuja kukaa.

Nimesoma mara tatu. Haya ni mashindano. Mama ni mtu wa haya, hawezi kusema wazi. Mti utakaozaa ndio utakaompata.

Mke wangu kasoma mara moja, kasema mbona imeandikwa pamoja. Nimemwambia yeye hajasafiri.

Jumanne, 3 Septemba

Leo nimeuandaa mti. Ulikuwa umekaa ovyo, matawi huku na huku, kama mtu aliyetoka kulazwa. Mama akija kuona atasema nimeutupa. Nikachukua mkasi mzuri, ule wa wateja wa harusi.

Nimeunyoa. Pembeni nimeshusha, juu nimeacha kidogo, nyuma nimekata mstari. Kulikuwa na vijiti vifupi vifupi, vinene, vina makunyanzi, vimejaa kwenye matawi kama chunusi. Nimeviondoa karibu vyote. Mti umetoka kijana. Nimeuzunguka na kioo cha mkononi, kwa mazoea.

Mke wangu alitoka kuanika nguo. Akaangalia chini, akaokota kijiti kimoja. Kilikuwa na vitumba sita kwenye ncha. Akaniuliza kwa utulivu hivi si ndivyo vinavyotoa maua.

Nimemweleza kwamba nywele zikikatwa zinakua kwa nguvu zaidi, hilo kila kinyozi duniani analijua. Akakiweka kijiti mezani kwangu, juu ya shajara, akaingia ndani.

Nimehesabu vitumba vilivyobaki. Tisa. Tisa vinatosha. Mama hatakula tufaha zaidi ya moja kwa siku.

Alhamisi, 5 Septemba

Kaka amekuja. Kaka alikuwa mpima ardhi miaka thelathini, amestaafu yeye, futi yake bado iko kazini. Hajanyolewa kwangu kwa miaka miwili, tangu nilipowaambia wateja kwamba upara wake ni kiwanja ambacho serikali haijakipima. Watu walicheka. Yeye aliondoka shingo imenyolewa nusu.

Hakukaa. Alipima mlango wa ua wangu, akapima chungu, akapima kivuli cha ukuta. Akaandika. Kisha akatangaza kwamba ua wangu unapata jua saa nne na nusu kwa siku, wa kwake saa saba, kwa hiyo niupeleke mti wangu kwake. Alisema hivyo kama mtu anayesoma ramani.

Nikamwambia wa kwake ndio uje kwangu. Mimi ndiye kitinda mimba, mimi ndiye niliyebaki na Mama nyumbani wao walipoondoka. Akasema nilibaki kwa sababu hakuna aliyenitaka kwingine. Nikamwambia akapime upara. Akaniambia hata leo sikumwamkia shikamoo. Kweli sikumwamkia. Niliiacha makusudi.

Alipofika mlangoni aligeuka, akautazama mti vizuri kwa mara ya kwanza. Akauliza nani kaufanya hivi. Nikajibu fundi. Akatikisa kichwa taratibu, akaondoka bila kukunja futi, inaburuta nyuma yake kama mkia.

Dada amepiga simu jioni. Anauliza tumefikia wapi, Mama anauliza. Nimesema mambo yanakwenda vizuri sana. Nikasikia sauti ya Mama kwa mbali inauliza, "Wamekubaliana?" Nikakata simu kidogo. Mtandao wenyewe mbovu siku hizi.

Ijumaa, 6 Septemba

Maua yamefunguka! Meupe, yana wekundu kwa mbali, kama shavu la mtu aliyesifiwa. Tisa kamili. Nimewaleta wateja wote waje kuona. Mmoja alikuwa na povu nusu ya uso.

Mteja wa saa tano alikuwa bwana shamba mstaafu. Huyu namheshimu, ana nywele ngumu. Alipoona mti akauliza wa pili uko wapi. Nikasema wa pili ni wa adui. Akanieleza, nikiwa namnyoa, kwamba mtufaha haujizalishi wenyewe. Lazima upate chavua kutoka kwenye mtufaha wa aina nyingine. Nyuki anatoka kwenye ua la huu anaingia kwenye ua la ule, basi, tunda linatunga. Ukiwa peke yake unachanua tu, maua yanapukutika, mwaka umekwisha. Kwa hiyo wa kijani unauzalisha wa mekundu, na wa mekundu unauzalisha wa kijani.

Mkono uliniganda shingoni mwake. Akaniomba niuondoe wembe kwanza.

Kumbe ndiyo maana Mama alipata matufaha ndoo na ndoo. Na kumbe Kaka, pale alipo, na saa zake saba za jua, hana kitu! Hana kitu bila mimi.

Bwana shamba akasema ni rahisi, miti yote iwekwe sehemu moja siku kumi, kwa nani haijalishi. Nikamwambia haijalishi kwake yeye. Akasema kama haiwezekani, basi mtu anaweza kuchukua maua ya mti mmoja akayagusisha kwa mwingine kwa brashi laini.

Brashi laini. Mimi ninazo nne.

Kuanzia sasa mti nimeufunika na pazia la mke wangu la sebuleni, lile la matundu. Nyuki wa upande huu wasije wakabeba chavua yangu kumpelekea Kaka bure. Kati yetu ni mitaa miwili, nyuki anafika.

Jumapili, 8 Septemba

Kazi imefanyika. Ningekuwa na medali ningejivisha.

Nilikwenda kwa Kaka na mkoba wa kazi, nikatoa shikamoo ndefu hadi Shemeji akatoka jikoni kuhakikisha ni mimi. Nikasema nimepita tu kuwajulia hali. Mpango wangu ulikuwa kuomba maji ya kunywa, wakienda kuleta, niutembelee mti.

Kaka akauangalia mkoba. Kisha akasema kwa kuwa nimekuja na vifaa, basi nimpunguze pembeni. Miaka miwili! Shemeji akaweka sufuria chini, akaleta stuli mwenyewe, akafuta na vumbi.

Nikamkalisha uani, hatua moja kutoka mtufahani. Mti wake ulikuwa umejaa maua kila kona, kaufunga na vijiti na kamba, umenyooka kama askari. Nikamgeuza Kaka atazame ukuta. Nikamfunga shuka. Nikamwambia afumbe macho, nywele zitaingia. Kulia nikashika mashine, kushoto mkasi mdogo. Mashine inaunguruma, mkasi unakula. Maua nayatia kwenye kopo la pauda.

Nilidhamiria matano. Lakini mkono wa kinyozi ukishaanza hauwezi kuacha upande mmoja mrefu. Nikasawazisha. Nikasawazisha tena.

Katikati ya hapo Kaka akaanza kuongea, macho yamefumbwa, sauti sijaisikia tangu tulipomzika Baba. Akasema, "Nilikwenda kwa Mama juzi. Ananiuliza barabara siku hizi ina matope au vumbi. Anauliza kama mfungwa. Mdogo wangu, mimi nimechoka. Miti ikae kwako, ikae kwangu, yote sawa."

Nikaitikia mhu. Nilikuwa na maua kama arobaini kwenye kopo. Huwezi kupatana na mtu ambaye unamwibia kwa wakati huo huo, mikono haitoshi. Nilitaka kusema kitu. Kweli nilitaka. Nikamwambia ainamishe kichwa.

Nikampaka mafuta ya upara bure. Shemeji akanishika mkono wakati wa kuaga, akasema Mungu anibariki. Nilitoka haraka kabla hawajageuka kuangalia nyuma yao.

Jumatatu, 9 Septemba

Nimezalisha. Saa mbili asubuhi, jua zuri, nimevaa koti jeupe la kazi. Nikafungua kopo.

Maua yalikuwa yamelala kwenye pauda. Sikuitoa pauda yote jana, haraka. Yalikuwa meupe mwanzo mwisho, kama maiti zilizopakwa unga. Nikayakung'uta. Nikachovya brashi ya povu, nikapita ua moja baada ya jingine, taratibu, kama ninavyompaka hakimu. Nikapiga chafya mara mbili. Maua mawili yakaondoka na chafya. Yamebaki saba.

Yamenukia vizuri lakini. Ua wote umenukia kama mtu anayekwenda kuposa.

Bwana shamba alipita kununua wembe, nikamwonyesha. Akainama, akanusa, akagusa ua kwa kidole, akalamba kidole. Akauliza brashi ilikuwa na sabuni? Nikasema kidogo tu, ya jana. Akakaa kwenye kiti cha wateja bila kuitwa. Akasema amezoea kuona watu wakiua miti kwa ukame.

Jumatano, 11 Septemba

Kundi la familia limewaka moto. Kaka ameweka picha ya mti wake. Hauna hata ua moja. Chini ameandika: nani?

Nimejibu ndege. Nimeongeza kwamba mwaka huu ndege ni wengi sana, hata huku kwetu.

Kaka akaweka picha ya pili, futi imesimamishwa kando ya tawi. Vikonyo vyote vimekatwa sawasawa, milimita tano kila kimoja. Pembeni vimeshushwa, juu vimeachwa kidogo, na nyuma kuna mstari. Akauliza ni ndege gani huyo amesomea unyozi.

Sikujibu. Nilikuwa na mteja. Sikuwa na mteja, lakini ningeweza kuwa naye.

Mke wangu alirudi sokoni na uso umefungwa. Amekutana na Shemeji. Shemeji kamwambia kwamba Jumatatu asubuhi Kaka alikuwa ameita mkokoteni. Alikuwa amekiosha chungu chake, amekizungushia gunia kisipasuke, anauleta mti kwangu. Kwangu! Kampigia hadi Dada kumwambia amwandae Mama. Ndipo alipokwenda kuunyanyua akauona. Akakaa kwenye ile stuli nusu saa. Kisha akaurudisha mkokoteni.

Mke wangu alinisimulia haya akiwa amesimama, kikapu mkononi. Alipomaliza aliniuliza, "Sasa uliiba ushinde nini?"

Nimekwenda kunoa mikasi. Yote ilikuwa mikali.

Lakini tuseme ukweli, angekuja siku moja mapema haya yote yasingetokea. Kaka siku zote ni mtu wa kuchelewa.

Jumamosi, 14 Septemba

Maua yamepukutika. Yote saba. Nimeokota moja moja nikaliangalia chini, pale tufaha linapotakiwa kuanza. Hakuna kitu. Vikonyo vimenyauka, ukigusa vinaanguka kama kope.

Mti wa Kaka haukuwa na cha kupukutisha.

Dada kapiga simu. Anasema Mama anaamka asubuhi anavaa viatu. Anakaa navyo dirishani hadi mchana, kisha anavivua. Dada alisema hivyo bila kulaumu, na hapo ndipo paliponiuma. Akauliza mti umetunga?

Nikasema umetunga.

Sasa nifanyeje. Mpera wa jirani una mapera machanga, kijani, saizi ya kidole gumba. Nimeyafunga matano mtini kwa uzi wa kushonea vifungo. Nimepiga picha kwa mbali, jua liko nyuma, kitaalamu. Nimetuma.

Dakika kumi. Kisha ujumbe wa sauti, Mama mwenyewe. Hakunitukana. Alisema, "Mwanangu, nimeitunza miti ile miaka tisa. Tufaha la siku tatu ni dogo kama punje ya pilipili." Nikasikia cherehani ya Dada inakwenda. Kisha akasema, "Umefunga vizuri lakini. Uzi hauonekani sana."

Nimeusikiliza mara sita. Ile ya mwisho ndiyo siielewi. Nadhani alikuwa ananisifia.

Jumanne, 17 Septemba

Dada ameandika, safari hii kwa ufupi. Mama anahama Jumamosi. Haji kwangu, haendi kwa Kaka. Anakwenda kwa mkunga.

Mkunga ni yule mama mstaafu wa mtaa wetu wa zamani, ndiye aliyetupokea sisi watatu tulipozaliwa. Anaishi peke yake, nyumba ya chini, ana ua. Alipanda ngazi za Dada juzi kumwamkia Mama, akamkuta amevaa viatu dirishani, akauliza unakwenda wapi. Mama akamwambia popote. Wakamaliza mambo hapo hapo, hawakupima chochote.

Wana wawili, nyumba mbili, vyumba viwili. Mama anakwenda kukaa kwa mtu baki. Wateja wangu watasema nini? Nitawaambia ni kwa sababu za kiafya, mkunga ni kama daktari.

Tumeagizwa tupeleke miti yote miwili kwake. Na tumeagizwa tumshushe Mama ngazi. Sisi wawili. Dada ameandika: Mama amesema nyie wawili, msiite watu.

Chumba nimekifunga kwa ufunguo. Mke wangu ameuliza kwa nini, hakuna mtu ndani. Ndiyo maana.

Jumamosi, 21 Septemba

Ngazi hamsini na nne. Kaka alizihesabu kwa sauti.

Tulimkalisha Mama kwenye kiti cha kushonea cha Dada, tukamfunga kiunoni kwa kanga. Amekuwa mwepesi. Sikutegemea. Nilijiandaa kwa uzito, nikanyanyua, nusura nianguke kwa kukosa uzito. Kaka alitangulia chini, mimi nyuma juu. Sikuona uso wake, niliona upara tu, na upande wa kushoto nilikosea, kumebaki kishungi.

Ngazi za kwanza tulikwenda vizuri. Kwenye kona ya ghorofa ya pili Kaka akasema nimeinua sana. Nikasema yeye ndiye aliyeshusha sana. Akasema pembe ya ngazi ni digrii thelathini na tano, kwa hiyo wa juu ndiye anayetakiwa kuinama. Nikamwambia hii si barabara. Akasema afadhali barabara, barabarani maua hayaibiwi. Nikasema aliyekuwa na maua mengi kiasi kile angeweza kugawa. Akasema alikuwa anakuja kugawa. Nikasema alikuwa anachelewa. Hapo tulikuwa tumesimama, kiti kinaning'inia katikati yetu, kinayumba, na sauti zinapanda hadi milango inafunguliwa.

"Wekeni chini," Mama akasema.

Tukaweka. Hakupandisha sauti. Alikuwa anaangalia ngazi zilizobaki.

"Nilinunua miwili kwa sababu muuzaji aliniambia mmoja hauzai. Niliwaambia muiweke pamoja ili mkae pamoja kuiangalia, mimi nikae katikati. Mkaenda kushindana. Mimi sikutaka tufaha. Nilitaka kushuka. Miezi mitano nimening'inia juu huko kama nguo iliyosahauliwa kambani, na kila nikiuliza, naambiwa wanangu wananigombania."

Mtu wa ghorofa ya pili akafunga mlango wake polepole, kwa adabu.

"Haya nyanyueni," akasema. "Na msiongee."

Tukanyanyua. Tulishuka ngazi thelathini na sita bila neno. Ni kweli, tulikwenda vizuri zaidi. Chini kabisa Mama aliomba tumvue viatu, vile alivyokuwa anavivaa kila siku. Akaweka miguu kwenye udongo mbele ya jengo, pale penye matope ya bomba linalovuja. Akakaa hivyo. Watu wanapita, hakuna aliyeuliza.

Kwa mkunga tuliiweka miti ukutani, vyungu vikigusana. Miwili mitupu, wangu umenyolewa na wa Kaka umenyolewa. Mkunga aliizunguka akasema inafanana kama pacha. Mama akamwambia, "Wewe uliwapokea wakiwa hawajajua kubishana. Ulifaidi."

Tuliondoka na Kaka kwa miguu, yeye upande wake wa barabara, mimi upande wangu. Nilivuka. Nilikuwa na neno tayari, nililifanyia mazoezi tangu Jumapili ile. Akasimama, akaningoja, futi mkononi. Uso ulikuwa laini.

Nikamwambia kushoto kumebaki kishungi, apite nimalizie.

Akasema atakwenda kwa kinyozi mwingine. Akavuka.

Jumatatu, 23 Septemba

Wiki mpya! Nimeamka na nguvu.

Nimefikiria sana tangu juzi, na nimegundua kosa lilikuwa wapi. Kosa lilikuwa kwenye aina ya mti. Mama aliuziwa miti ya kizamani. Ukiwa na mti unaomhitaji mwenzake, lazima ugombane na mwenye mwenzake, hilo liko wazi, hata mtoto anaelewa. Bwana shamba nimemweleza, akaomba nimnyoe kimya kimya leo.

Nilikwenda kumwona Mama asubuhi. Alikuwa kibarazani kwa mkunga, miguu peku, wanacheka kitu, waliponiona wakaacha. Akaniuliza nimezungumza na Kaka? Nikasema sana. Akasema, "Haya." Akanipa kikombe cha chai, akaendelea na mkunga. Nilikaa karibu saa nzima. Wana mambo mengi ya kuzungumza wale. Nilipoaga alinipungia mkono kama wanavyompungia mtu wa posta.

Lakini nikiwa narudi nikapita kwa muuza miche mpya, yule aliyefungua karibu na kituo cha mafuta. Mtu mwelewa sana. Anayo mitufaha ya kibete ya kisasa kabisa, inajizalisha yenyewe, haihitaji mwenzake, haihitaji mtu. Ameniapia. Nikanunua papo hapo, ule mkubwa kuliko yote.

Sasa uko uani, peke yake, una nafasi ya kutosha. Mwakani mwezi kama huu utakuwa umezaa, na Mama atatoka kwa mkunga yule kwa miguu yake mwenyewe kuja huku.

Nimeupiga picha nzuri, jua liko nyuma. Nimemtumia Kaka. Simu inaonyesha ameiona tangu saa sita mchana. Hajajibu.

Wivu tu.